Kipimo Nacho ni Dawa

Msomaji mpenzi, jambo ninalotaka kukusimulia leo nililificha kwa muda mrefu, maana lilinitia aibu. Nilikuwa karibu kumpoteza mtoto wangu kwa dawa. Haikuwa dawa ya kienyeji, wala dawa ya kununua kwa mchuuzi sokoni. Ilikuwa dawa nzuri kabisa, niliyopewa na mganga wa zahanati kwa mkono wake, pamoja na maelekezo yake. Kosa halikuwa la mganga, wala halikuwa la dawa. Kosa lilikuwa langu mimi. Kama wewe ni baba au mama, au ni bibi unayelea wajukuu, keti kidogo unisikilize, maana kosa hili hufanywa hata na watu wenye upendo mwingi.

Kwetu ni Mbinga, katika milima ambako mwezi wa Julai baridi huuma hata mchana. Huo ndio msimu wetu wa kuchuma kahawa. Watu huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, na hurudi na magunia jioni. Mwaka 2016, katika siku hizo za kazi nyingi, mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, alishikwa na kikohozi. Siku mbili za kwanza tulisema ni mafua ya baridi. Siku ya tatu tukaona anapumua upesi upesi kama mtu aliyetoka mbio, na mwili wake ukawa moto. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, kahawa haitakimbia. Mpeleke mtoto."

Nilimbeba mpaka zahanati. Mganga alimfunua kifua, akatazama saa yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kisha akampima uzito. Akasema ni homa ya mapafu, ile iitwayo nimonia, lakini tumewahi, naye atatibiwa nyumbani. Akanipa chupa yenye unga wa dawa iitwayo amoksilini. Akanionyesha namna ya kuuchanganya: maji yaliyochemshwa yakapoa, yatiwe mpaka kwenye alama ya chupa, wala yasipungue, kisha chupa itikiswe vizuri. Akaandika tarehe ya siku ile juu ya chupa. Mwisho akachukua kikombe kidogo cha plastiki, akachora mstari kwa kalamu, akasema, "Baba, kipimo chake ni hiki. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, kwa siku tano. Usipunguze, wala usiongeze."

Nilijibu, "Ndiyo, Daktari." Nilijibu kama tunavyojibu sote mbele ya mganga, tukiwa tayari tunafikiria njia ya kurudi nyumbani.

Jioni ile nilimpa mtoto kipimo kimoja. Siku ya pili nilimpa viwili, cha asubuhi na cha jioni, sawasawa na nilivyoagizwa. Lakini usiku ule mtoto hakulala. Homa ilikuwa pale pale, na kikohozi kikamtesa. Nilikaa kando ya kitanda chake nikamtazama, na moyo wangu ukaanza kusema: Dawa hii ni ndogo. Ugonjwa ni mkubwa, nayo dawa ni ndogo. Mtu akipasua gogo, naye akaona shoka halipenyi, si ataongeza nguvu? Baadaye nilielezwa kwamba homa ya namna hii huweza kuchukua siku mbili au tatu kushuka, hata kama dawa inafanya kazi yake vizuri. Lakini usiku ule sikuwa na wa kuniambia hivyo, wala sikumwuliza mtu.

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya kwenda shambani, nilimpa vipimo viwili badala ya kimoja. Sikumwambia mtu. Jua lilipochomoza mama yangu mzazi, ambaye ndiye hubaki na mtoto, akachukua kikombe akampa kipimo cha asubuhi, maana hakujua kuwa nimekwisha mpa. Mchana akamgusa akaona bado ana moto, akamhurumia, akampa kingine. Jioni niliporudi nikampa tena viwili. Hesabu mwenyewe, msomaji. Mtoto aliyepasa kupewa vipimo viwili kwa siku alipewa sita, na kila kipimo kilitolewa kwa upendo.

Siku ya nne tuliamka tukamkuta anatapika. Kipimo cha mwisho kilichobaki ndani ya chupa nilimpa, naye akakitapika. Tumbo likaanza kuendesha. Maji akayakataa, uji akaukataa. Mchana kutwa alikojoa mara moja tu. Jioni mama yangu akaniita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Mtoto alikuwa amekojoa matone machache, nayo yalikuwa mekundu kama maji yaliyooshewa nyama.

Tulimkimbiza hospitali usiku ule kwa pikipiki, mimi mbele na mtoto kifuani mwangu, mama yangu nyuma. Daktari aliyekuwa zamu, mama wa makamo mwenye upole, aliuliza maswali yake, na moja lilikuwa hili: "Ametumia dawa gani, na kiasi gani?"

Hapa ndipo penye aibu yangu kubwa. Nilijibu, "Amoksilini. Tumempa kama tulivyoelekezwa."

Kwa sababu ya neno hilo, daktari akaanza kutafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwapo. Aliniuliza kama mtoto amechezea maji ya mto, maana mkojo wa damu huweza kuwa kichocho. Akaagiza apimwe malaria. Mtoto akatobolewa kidole, tukakaa kungoja majibu, nami nilikuwa nimesimama pale na jibu mdomoni mwangu. Niliogopa kuitwa mjinga. Niliona afadhali daktari ahangaike kuliko mimi nionekane mjinga. Sijui nawezaje kulieleza hilo, ila najua wazazi wengine watanielewa.

Daktari akaomba kuiona chupa. Mama yangu alikuwa ameichukua kwenye khanga yake. Daktari akaigeuza, akasoma tarehe, akaitikisa. Ilikuwa tupu. Akasema polepole, "Baba, dawa hii ilikuwa ya siku tano. Leo ni siku ya nne. Ndani yake ni tupu. Iliyobaki ameinywa nani?"

Nilinyamaza. Mama yangu ndiye aliyejibu. Akasema, "Binti yangu, mimi nilimpa jana mara mbili." Ndipo nami nikasema, "Na mimi nilimpa vinne." Mama akanigeukia akanitazama, na mimi nikamtazama. Kila mmoja wetu alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

Daktari hakutukaripia. Aliandika, kisha akatoa amri zake upesi. Mtoto akawekewa maji ya mshipa. Mkojo wake ukapelekwa maabara, nao walipoutazama kwa darubini waliona chembe nyembamba kama sindano. Ilikuwa ni ile dawa yenyewe, imegandamana ndani ya mkojo. Siku mbili walipima kila tone alilokojoa. Nilijifunza kushangilia mkojo wa mtoto kuliko nilivyopata kushangilia mavuno. Siku ya tatu ukawa mweupe. Daktari mwenyewe akaamua namna ya kumaliza matibabu ya mapafu, nasi tukarudi nyumbani. Mtoto alipona kabisa, naye amekua, anakwenda shule.

Kabla hatujaondoka nilimwomba daktari anieleze, maana nilitaka kujua. Maneno yake niliyashika, na mengine nimeyasoma baadaye. Nayatoa kwako kwa lugha yetu ya nyumbani.

Amoksilini ni mmoja wa jamaa ya penisilini. Ni katika dawa zinazoua vijidudu vya ugonjwa, ambazo waganga huziita antibiotiki. Vijidudu vile hujijengea ukuta wa kujikinga. Dawa hii huwazuia kuujenga, nao hupasuka na kufa. Lakini dawa ikiwa imekwisha enea mwilini kwa kiasi cha kutosha, kuongeza zaidi hakuwaui vijidudu upesi zaidi. Linalotakiwa ni kwamba kiasi hicho cha kutosha kiendelee kuwamo mwilini saa baada ya saa. Ndiyo maana mganga husema asubuhi na jioni, siku tano. Nguvu ya dawa hii ni kudumu kwa saa zake. Nguvu hiyo haipatikani kwa kumeza nyingi mara moja.

Wewe mkulima walijua jambo hili. Mche wa kahawa ukiwa mnyonge huutilia mbolea ya chumvichumvi kwa kipimo, kisha hungoja mvua na siku. Ukimwaga mfuko mzima shinani ili kahawa izae upesi, utaiunguza mizizi. Mbolea haikugeuka kuwa sumu dukani. Imegeuka kuwa sumu kwa kuzidi.

Na ile dawa iliyozidi huenda wapi? Sehemu yake kubwa hutoka kwa mkojo, kupitia figo. Jambo hili lajulikana tangu siku za kwanza za penisilini. Alexander Fleming aliigundua huko London mwaka 1928, lakini miaka mingi ilipita kabla haijawa dawa ya kumtibu mtu. Mwezi wa Februari mwaka 1941, waganga wa Oxford, huko Uingereza, walimdunga askari polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa anakufa kwa usaha ulioenea mwilini. Siku chache alianza kupata nafuu, homa ikashuka, akala chakula. Lakini penisilini iliyokuwapo duniani wakati ule ilikuwa kidogo mno. Basi waganga wakakusanya mkojo wake, wakaupeleka maabara, wakaitoa penisilini iliyokuwamo, wakamdunga tena. Hata hivyo haikutosha. Dawa ikaisha, ugonjwa ukarudi, naye akafa mwezi wa Machi.

Habari hiyo yatufundisha mambo mawili pamoja. La kwanza, dawa ikipungua au ikikatika kabla ya wakati, mgonjwa aweza kufa. La pili, figo ndizo mlango wa kutokea dawa hii. Basi ukipitisha mzigo mara tatu katika mlango ule, na tena mtoto hanywi maji, anatapika na kuhara, mkojo huwa kidogo na dawa huwa nyingi. Huwa kama chumvi nyingi katika maji kidogo: hushindwa kuyeyuka, ikakaa chini. Chembe zile zaweza kukwaruza figo na kuziziba. Ndilo lililompata mwanangu.

Usidhani kila mtoto atakayepewa kipimo kimoja cha ziada atapatwa na hayo. Mara nyingi mtu aliyezidisha amoksilini mara moja huumwa tumbo, hutapika au huhara, kisha hupoa. Lakini huwezi kujua mwili upi utashindwa. Mtoto mchanga, mzee, na mwenye ugonjwa wa figo wana hatari zaidi. Dawa za jamaa ya penisilini zikizidi sana kwa mtu mwenye figo dhaifu zaweza kuleta hata degedege.

Tena dawa hizi hazifanani. Ziko nyingine ambazo kuzidi kwake ni kubaya zaidi. Mwaka 1959 waganga wa Marekani walieleza habari ya watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, waliopewa dawa iitwayo kloramfeniko kwa vipimo vikubwa ili kuwakinga na magonjwa. Watoto wale walivimba tumbo, wakatapika, rangi yao ikawa ya kijivu kama majivu, na wengi wakafa. Maini yao machanga hayakuweza kuishughulikia dawa ile, nayo ikajilimbikiza mwilini. Angalia, msomaji: waliotoa dawa walikuwa waganga wenye elimu, nao walikusudia kuwakinga watoto. Tangu hapo vipimo vya watoto wachanga viliangaliwa kwa uangalifu mkubwa.

Jentamisini, ambayo hutolewa kwa sindano, ikizidi yaweza kuharibu figo na masikio, na uziwi wake huenda usipone. Metronidazoli, ambayo wengi huiita Flagyl na kuinunua kila tumbo linapouma, ikitumiwa kwa wingi na kwa majuma mengi yaweza kudhuru mishipa ya fahamu, mtu akasikia ganzi na moto nyayoni. Basi mtu asiseme, "Hii ni dawa ya hospitali tu, haina neno." Kwa kuwa ina nguvu ya kuponya, ndiyo maana ina nguvu ya kudhuru.

Sasa yafaa nikuambie tunayoyafanya nyumbani kwangu, labda yatakufaa.

Kwanza, kipimo cha mtoto huhesabiwa kwa uzito wake. Usimpe huyu dawa ya kaka yake, wala usitumie kipimo cha mwaka jana. Mtoto hakui peke yake, na kipimo chake hubadilika.

Pili, tumia kikombe au bomba la kupimia lililotoka na dawa. Vijiko vya nyumbani vinadanganya. Kijiko cha dawa ni mililita 5, lakini kijiko kikubwa cha kulia huchukua mililita 15 hivi, yaani mara tatu. Ukipoteza kikombe, rudi zahanati ukaombe kingine. Si aibu.

Tatu, dawa ya unga ichanganywe na maji mpaka kwenye alama. Ukiyapunguza maji, kila kipimo kitakuwa kikali kuliko alivyokusudia mganga. Tikisa chupa kila mara kabla ya kumimina, maana dawa hukaa chini. Usipoitikisa, vipimo vya mwisho vitakuwa vikali.

Nne, mtoaji wa dawa awe mmoja. Kama ni lazima wawe wawili, wawe na alama ya kuonyeshana.

Tano, ukisahau kipimo kimoja, mpe utakapokumbuka; lakini kama saa ya kipimo kinachofuata imekaribia, kiache kile, uendelee na hiki. Usimpe viwili kwa pamoja ili kufidia.

Sita, ukitumia dawa kutoka mahali pawili, onyesha zote mbili. Dawa moja yaweza kuwa na majina mawili juu ya maboksi mawili, nawe ukaimeza mara mbili pasipo kujua.

Saba, ukiona homa haishuki, au mtoto anazidiwa, usiongeze dawa. Mrudishe kwa mganga. Huenda ugonjwa ni mwingine, au dawa nyingine yahitajika. Akipumua kwa shida, akishindwa kunywa, au akilegea, usingoje kuche.

Na kama umekwisha zidisha? Usimtapishe mtoto kwa vidole wala kwa maji ya chumvi. Usimpe kipimo kingine mpaka umemwuliza mganga. Kama yu macho na aweza kumeza, mpe maji anywe, umchukue pamoja na chupa yake. Akivimba uso, akitokwa na vipele mwili mzima, akipumua kwa shida, akipata degedege, au mkojo ukapungua au ukawa mwekundu, mkimbize mara moja. Wala usijiamulie kuiacha dawa kabisa kwa hofu, maana ugonjwa bado ungalipo. Mganga ndiye atakayesema iendelee vipi.

Lakini neno lililo kubwa kuliko yote ni hili: sema kweli. Daktari hawezi kuona ndani ya kikombe ulichokitoa jana nyumbani kwako. Yeye hutazama kwa macho yako. Mimi nilimpa macho ya uongo, na mtoto wangu akalipa kwa kutobolewa na kungojeshwa. Kama mama yangu asingelichukua chupa ile kwenye khanga, sijui ningalinyamaza mpaka lini.

Mama yangu hajui kusoma. Tuliporudi kutoka hospitali alichukua kaa la moto lililozimika, akaenda kwenye ukuta wa jikoni, akaniambia, "Mwanangu, tangu leo atakayempa mtoto dawa atachora mstari hapa. Wa asubuhi juu, wa jioni chini. Asiyechora hajampa." Tangu siku ile hatujapata kumpa mtu dawa nyumbani kwetu pasipo mstari. Juzi niliugua mimi mwenyewe, nikapewa vidonge. Asubuhi nilivimeza nikaenda shambani. Niliporudi nilimkuta mama yangu amesimama mbele ya ukuta na kaa mkononi, ananingoja. Alisema, "Leo asubuhi sioni mstari wako. Umemeza, au hukumeza?"

Nikachukua kaa, nikachora.